Kunguru wa mkasi na vifungo: mwanangu haoni ndege, anaona takataka

"Habari. Nimeandika hadithi fupi ya watoto, kunguru anaokota vitu vilivyopotea halafu anazunguka kutafuta wenyewe. Nikaona picha nizitengeneze kwa vitu hivyo hivyo vya kuokota: vifungo, funguo, vizibo vya chupa, waya, saa mbovu, mkasi uliovunjika, na picha moja ya zamani ya bibi nisiyemjua niliyoikuta ndani ya kitabu cha mtumba. Miezi mitatu nimebandika kurasa nne tu kwenye mbao. Nikizipiga picha kwa simu zinaonekana kama takataka zimemwagwa mezani. Mwanangu wa miaka mitano aliangalia akaniuliza, mama, kunguru yuko wapi? Na kunguru wa ukurasa wa kwanza hafanani na wa ukurasa wa tatu. Rafiki yangu anasema hizi ni kazi za mikono za chekechea, niiachie programu ya akili mnemba ichore. Mchapaji naye kaniambia kitabu cha kurasa 27 hakipo. Niendelee au niache?"

Dada yangu usiache, ila hizo mbao nne naomba tuziweke pembeni kidogo, najua inauma manake miezi mitatu sio mchezo. Nimelisoma swali lako mara mbili na sioni tatizo la kipaji, wala sio la simu sana, simu ina makosa yake tutafika huko. Ninachokiona ni kwamba kila kitu ulichookota umekipenda, na kila ulichokipenda umekitafutia nafasi, mwisho wa siku kunguru mwenyewe ndo kakosa pa kukaa.

Mwanao kakusaidia kuliko nitakavyokusaidia mimi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Judy DeLoache, mwaka 1987 alitoa matokeo ya jaribio moja ambalo mtu yeyote anayetengeneza picha kwa vitu halisi anapaswa kulijua. Alitengeneza chumba kidogo cha mfano, kama cha wanasesere, kinachofanana kabisa na chumba kikubwa cha kweli. Anaficha mwanasesere mdogo kwenye kile kidogo mtoto akiwa anaona, halafu anamwambia sasa mwanasesere mkubwa amefichwa sehemu ile ile kwenye chumba kikubwa, katafute. Watoto wa miaka mitatu wengi walienda moja kwa moja. Wa miaka miwili na nusu wengi walishindwa, na sio kwamba walisahau, ukiwauliza yule mdogo yuko wapi walikuwa wanajua. Kilichowashinda ni kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba hiki ni kitu chenyewe na pia ni alama ya kitu kingine. Na kadiri kitu kinavyovutia chenyewe ndivyo inavyokuwa ngumu zaidi kukiona kama alama.

Sasa angalia meza yako. Funguo inavutia, saa mbovu yenye magurudumu ndani ndo usiseme, mkasi nao. Unamwomba mtoto kwa kila kimoja afanye hiyo kazi, hii ni funguo lakini ni mguu, hiki ni kifungo lakini ni jicho, na umemwekea vitu thelathini kwa ndege mmoja. Wa miaka mitano anaweza kuifanya hiyo kazi na anaifurahia sana, ndo utamu wote wa vitabu vya namna hii, ila mpe vitu vichache. Hapo hapo umepata jibu la swali ambalo hukuuliza, kitabu chako ni cha miaka minne kwenda juu, usikiandike kwamba ni cha miaka miwili.

Mfano ninaoupenda ni kichwa cha fahali alichotengeneza msanii Picasso mwaka 1942. Kiti cha baiskeli na usukani wa baiskeli, basi. Kiti kikawa uso, usukani ukawa pembe. Vitu viwili. Unaona fahali papo hapo, na hata sekunde moja huachi kuona baiskeli. Angeongeza pedali ziwe masikio na kengele iwe pua nadhani tusingekuwa tunakizungumzia leo.

Na hilo la rafiki yako kwamba ni mambo ya chekechea, mwambie Picasso na mchoraji mwenzake Braque walianza kubandika vipande vya karatasi na vitu vya dukani kwenye picha zao mwaka 1912, na msanii Kurt Schwitters kule Ujerumani baada ya Vita ya Kwanza alikuwa anaokota tiketi zilizotumika, mbao, vipande vya waya, anatengeneza kazi ambazo ziko makumbusho mpaka leo. Hata jina alilozipa, Merz, ni kipande tu cha neno alichokikata kwenye tangazo. Kwa hiyo kuokota sio utoto. Kuokota bila kuchagua ndo shida.

Jinsi ya kuchagua. Chukua karatasi nyeusi ukate umbo la kunguru wako, umbo la nje tu, bila jicho, bila manyoya. Libandike ukutani uulize mtu huyu ni nani. Akisema ndege ujue uko nusu ya njia, akisema kunguru umefika. Ubongo unashika umbo la nje kwanza, vilivyomo ndani vinafuata, ndo maana ukisimama mbali na mbao zako, au ukifinya macho mpaka zififie, utaona doa kubwa lisilo na kichwa wala mkia, na hicho ndicho mwanao alichokiona. Ukishapata umbo, tafuta vitu vya kulijaza ukianza na kimoja kikubwa kinachobeba mwili. Mi ningechukua nusu ya ule mkasi uliovunjika iwe mdomo, manake ncha yake tayari ni mdomo wa kunguru, ile pete ya kidole inakuwa kichwa na jicho linakaa ndani yake. Jaribu uone. Nilivyosoma tu "mkasi uliovunjika" nikasema mwanamke huyu ana kunguru tayari na hajamwona!

Mwili kitu kimoja cheusi, hata soksi iliyokunjwa au brashi ya viatu. Zipu iliyofunguliwa iwe bawa. Funguo mbili miguu. Hapo una vitu sita ukihesabu na jicho, na kila kimoja mtoto anakitambua. Vilivyobaki havijapotea, si hadithi yenyewe ni ya kunguru anayeokota? Basi viwe mzigo wake, vimezagaa kwenye kiota, hapo fujo inaruhusiwa maana ndo maana yake.

Kuhusu kutofanana ukurasa wa kwanza na wa tatu, naona unadhani lazima umtengeneze upya kila mara. Hapana. Weka alama tatu zisizobadilika hata iweje, tuseme mdomo wa mkasi, jicho la kifungo kile kile, na bawa la zipu. Mengine yote yabadilike, mwili ukunjuke, mguu mmoja upotee, mtoto atamjua tu. Na kitu kimoja kibaki na kazi moja kitabu kizima. Ukifanya kifungo cheupe kuwa jicho ukurasa wa pili halafu mwezi ukurasa wa tano, mtoto atauliza kwa nini jicho la kunguru liko mbinguni (labda kama unataka aulize, hiyo ni habari nyingine na inaweza kuwa nzuri sana, lakini iwe umekusudia).

Jicho nalizungumzia peke yake kidogo, vumilia. Sisi binadamu tunaona nyuso kila mahali, kwenye soketi ya ukutani, kwenye taa za mbele za gari, na mtoto mchanga kabisa tayari anageuza macho kufuata umbo linalofanana na uso. Kwa hiyo jicho ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote, na ndo kinaharibika haraka kuliko vyote. Chukua kifungo, juu yake weka shanga moja nyeusi, usibandike. Isogeze milimita mbili upande wa mdomo, kunguru anatazama anachookota. Irudishe katikati, anakutazama wewe. Ipandishe juu, anawaza au anaogopa. Mdomo hujaugusa, bawa hujaligusa, na una hisia tatu kwa shanga moja. Nimewahi kukaa na hiyo shanga jioni nzima kama mwehu.

Na hapo ndo tunafika kwenye gundi. Dada, nani alikwambia ubandike? Huu ndo mzizi wa miezi mitatu yote. Msomaji hatashika mbao zako, atashika karatasi iliyochapwa. Kazi yako ya mwisho ni picha, vitu ni waigizaji tu, na mwigizaji ukimgundisha sakafuni hawezi kucheza tukio la pili. Panga bila gundi, piga, sogeza, piga tena. Kama kitu kinabingirika weka kipande kidogo cha udongo wa kuchezea chini yake, na kama kinatakiwa kusimama wima tumia waya nyuma. Mi mwenyewe nilijifunza kwa uchungu, kazi yangu ya mwanzoni kabisa nilibandika kila kitu juu ya magazeti ya zamani, kabla hata sijamaliza magazeti yakageuka rangi ya chai kwa sababu ya lignini iliyomo kwenye karatasi ya gazeti, ikikutana na mwanga na hewa inakuwa njano, ukurasa wa kwanza na wa mwisho vikaonekana kama vitabu viwili tofauti. Ukipenda gazeti, lipige picha siku unayoliokota.

Sasa mwanga, ambao ndo unakupa huo muonekano wa takataka. Nahisi unapiga usiku chini ya taa ya dari, na flashi labda. Taa ya juu inafuta vivuli, flashi inavitupa nyuma ya kitu, na bila kivuli kitu hakina uzito, kinaonekana kimeanguka tu. Meza yako iweke karibu na dirisha moja, zima taa zote, tundika shuka jeupe jepesi dirishani kama jua linapiga moja kwa moja. Upande wa pili wa dirisha simamisha kadibodi nyeupe ili irudishe mwanga kidogo, vivuli vilainike ila visife. Halafu, na hili ukilisahau utalia, mwanga utoke upande ule ule kwa kitabu kizima. Ukichagua kushoto iwe kushoto mpaka mwisho. Mtoto hatakwambia kivuli kimehama lakini atahisi kuna kitu hakiko sawa, na ukija kuunganisha picha mbili kwenye kompyuta hapo ndo utajua hujui.

Vitu vya chuma vina vituko vyake. Kijiko kinakupiga picha wewe, simu yako na dirisha. Kata tundu katikati ya kadibodi kubwa nyeupe, pitisha kamera kwenye tundu, kijiko kitaona kadibodi tu na kitatulia.

Kuna ujanja mwingine nitakupa kwa sababu nakuonea huruma na hizo mbao. Tafuta kioo kisafi, kama cha fremu ya picha ila kiwe kinene, kikalishe juu ya vikombe vinne. Chini yake weka mandhari yako, anga, ukuta, chochote. Kunguru mpange juu ya kioo. Kivuli chake kitaanguka mbali na kitakuwa laini, ataonekana anaruka kweli, na mandhari huigusi ukimsogeza. Shida ni kioo kurudisha taswira, vaa nguo nyeusi na funika dari kwa kitambaa cheusi kama inaakisi.

Simu inatosha kwa majaribio yote. Isimamishe kwenye stendi ikitazama chini sambamba na meza, usiishike mkononi, tumia kuchelewesha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Usiikaribishe sana, lenzi ya simu ni pana na inavimbisha kilicho katikati, nyanyua juu halafu kuza mara mbili kwa lenzi yake ya pili kama inayo. Kwa uchapaji hesabu ni hii, wachapaji wanataka nukta 300 kwa inchi, ukurasa wa sentimita 25 ni kama inchi 10, kwa hiyo unahitaji pikseli 3000 hivi kila upande. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya 4000 kwa 3000, ukurasa mmoja inaweza. Kurasa mbili zinazotazamana zinataka karibu 6000 kwa upana, hapo inaanguka mpaka nukta 200 na kitu, itaonekana laini laini. Hizo chache tafuta mpiga picha mwenye kamera na lenzi nzuri kwa siku moja, na uende ukiwa umeshapanga kila kitu kwa simu kabla, usiende kubuni kule mbele ya mtu unayemlipa kwa saa.

Mchapaji wako hakukuonea. Karatasi kubwa moja ikichapwa pande mbili na kukunjwa inatoa kurasa 8 au 16, ndo maana vitabu vya picha vinaenda 24, 32, 40, na 32 ndo ya kawaida kabisa. Humo toa ukurasa wa jina, wa hakimiliki na kadhalika, unabaki na matukio kama 12 mpaka 14 ya kurasa mbili mbili. Kunja karatasi za kawaida utengeneze kijitabu cha mfano cha kurasa 32, chora kwa penseli vibaya vibaya tu, ndo utaona wapi hadithi inajirudia. Uso wa kunguru usiuweke kwenye mshono wa katikati, utamezwa, na kingo zote acha milimita 3 za ziada kwa ajili ya mashine ya kukata.

Sasa akili mnemba. Sitakudanganya kwamba haifai, itakupa picha jioni moja. Lakini hata yenyewe inasumbuka kumweka mhusika yule yule ukurasa hadi ukurasa, tatizo lako lile lile. Pia Marekani ofisi ya hakimiliki imeshasema picha iliyotengenezwa na mashine peke yake bila ubunifu wa mtu hailindwi, na nchi nyingine bado zinavutana. Na kwa kitabu hiki hasa kuna kingine, hadithi ni ya vitu vilivyopotea ambavyo vilikuwa vya mtu. Mkasi wako una kutu ya kweli, kuna mtu aliushika. Mi nisingeibadilisha hiyo na picha ya mkasi ambao haujawahi kuwepo. Mchoraji ni uamuzi mwingine, kama ukijiuliza kimya kimya unagundua unapenda kuandika tu na kukaa na vifungo kunakuchosha, mlipe mchoraji bila aibu. Ila mtu aliyechoka na vifungo haokoti mkasi uliovunjika njiani akaupeleka nyumbani.

Kama mpango ni kupeleka kwa mchapishaji badala ya kuchapa mwenyewe, usimalize kitabu. Kijitabu cha mfano pamoja na kurasa mbili tatu zilizokamilika kabisa zinatosha, wao watataka kubadilisha mambo na wewe hutataka kubadilisha kitu ulichokihangaikia mwaka mzima.

Vizibo vya chupa vigeuze ndani nje, hutaki nembo ya kampuni ya mtu kwenye kitabu chako, na wanasesere wanaojulikana wa kampuni usiwaguse. Noti pia achana nazo, nchi nyingi zina sheria kali za kunakili pesa. Ile picha ya bibi ndo inanipa wasiwasi. Kuiokota hakukupi haki ya kuichapa, hakimiliki ni ya aliyeipiga au warithi wake, na mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa picha za kamera unaweka angalau miaka 25 tangu ipigwe, ila nchi nyingi wameenda mbali zaidi, hata miaka 70 baada ya kifo cha mpigaji, ukiacha kwamba ni sura ya mtu mwenye ndugu. Piga picha ya bibi yako mwenyewe kwa ruhusa yake, izeeshe. Ukiona huwezi kabisa kuiacha, hapo mtafute wakili wa hakimiliki umwonyeshe ana kwa ana, mimi hapa siwezi kukupa baraka hiyo.

Na ile saa mbovu, kabla hujaiweka tena mezani anakocheza mwanao, ifungue uangalie kama ina betri ile ndogo ya duara. Ikiwemo itoe leo. Ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili tu, na mtoto wakati mwingine haonyeshi dalili mwanzoni, ukihisi tu kameza usisubiri wala usimtapishe, ni hospitali hapo hapo. Sumaku ndogo vile vile, zikiwa mbili tumboni zinavutana na utumbo ukiwa katikati. Vifungo na shanga weka kwenye kopo lenye mfuniko mgumu hasa kama kuna mdogo wake nyumbani wa chini ya miaka mitatu.

Kabla ya kuchapa nakala nyingi omba chapa moja ya majaribio uishike mkononi, uiangalie mchana dirishani, manake rangi za skrini zinang'aa kuliko wino, na kunguru wako mweusi akichapwa anaweza kuwa doa jeusi lisilo na zipu wala brashi. Hilo hakuna mtu anaweza kukwambia kwa maandishi, kaa na mchapaji mkiangalia wote.

Wiki hii fanya moja tu, nusu ya mkasi, kifungo, shanga, juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, bila mwili, bila miguu. Muite mwanao usimwambie kitu. Akisema "anatazama nini?" badala ya "yuko wapi?", niandikie tuanze kuzungumzia kiota.